Meseji Mia Mbili na Kumi na Saba

Printa ya kliniki ya macho ilikuwa imemeza karatasi asubuhi ile, na kwa kuwa kila chenye waya katika jengo lile huhesabiwa kuwa kazi ya Fundi, aliitwa Fundi. Si kwamba alisomea printa. Alisomea kuandika programu, miaka minne, mpaka macho yakamtoka. Lakini nani atawaeleza watu hao? Ukijua kompyuta kwao wewe unajua printa, unajua televisheni ya chumba cha kungojea, na wakikubana sana utatengeneza hata birika la umeme. Akavuka barabara na bisibisi mkononi, akinung'unika peke yake.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba. Ofisi yao ilikuwa ng'ambo ya pili, juu ya duka la mapazia, na wafanyakazi walikuwa wawili tu: yeye na bosi wake, ambaye mji mzima ulimwita Injinia na yeye mwenyewe hakukubali kuitwa vinginevyo. Wao ndio walioiwekea kliniki mfumo mpya wa kuwatumia wagonjwa meseji za miadi, miezi minne iliyopita.

Fundi akafungua tumbo la printa, akavuta karatasi taratibu isije ikachanika. Ilitoka imekunjamana. Akainyoosha juu ya goti ili aitupe, jicho likaangukia mstari wa kwanza, na baada ya hapo hakuitupa tena.

"Mimi, mhudumu wa mapokezi, nakiri kwamba kwa uzembe na kwa udhaifu wa macho yangu nimekuwa nikiingiza kimakosa namba za simu za wagonjwa, hata wagonjwa mia mbili na kumi na saba hawakupata taarifa za miadi yao. Naomba radhi, na ninakubali kuacha kazi kwa hiari."

Kwa hiari! Mtu anaandikiwa barua, anachapiwa barua, anawekewa na mstari wa kutia saini, halafu kwa hiari! Damu ilimchemka Fundi pale pale alipochuchumaa.

Mhudumu mwenyewe alikuwa Mama Mapokezi. Miaka kumi na minane alikaa kwenye kaunta ile, na kabla ya huo mfumo alikuwa akiwapigia wagonjwa simu mmoja mmoja, kwa simu ya mezani na daftari lake kubwa. "Baba, kesho ni siku yako. Na dawa ya matone bado ipo, au imeisha unanificha?" Wengi wao walikuwa na presha ya macho. Ugonjwa huo hauumi na hauna huruma: mgonjwa asipofika kwa wakati jicho linazimika, na likishazimika halirudi. Mama Mapokezi alilijua hilo kuliko madaktari wengine, ndiyo maana alikuwa hodari wa kuwasumbua watu. Kisha mfumo ukaja, na Meneja akamwambia aache kupiga simu, hayo ni mambo ya kale. Kazi yake ikawa kuandika namba, kubonyeza, na kuona alama ya vema ya kijani yenye neno "Imetumwa". Vema zikawa nyingi. Wagonjwa wakapungua.

Fundi alimfuata kaunta na barua mkononi.

"Mama, shikamoo. Hii umeiandika wewe?"

"Marahaba, mwanangu. Ameiandika Meneja. Mimi nitasaini tu saa nane, kwenye kikao."

"Na wewe unaamini kweli ulikosea namba?"

Mama Mapokezi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge. Ilikuwa mipya, bado ina kibandiko pembeni.

"Sasa nitakataaje? Mfumo unasema umetuma. Mgonjwa anasema hajapata. Aliye katikati ni mimi." Akashusha sauti. "Nimepimwa macho humu humu ndani mara mbili, daktari anasema mazima. Lakini daktari naye ni binadamu. Kila namba siku hizi naisoma mara tatu, na nikilala naziota. Si wewe mwenyewe nilipokupigia ulisema, mama, hakiki namba?"

Alisema kweli. Alimpigia mwezi wa kwanza tu wa mfumo, na Fundi, ambaye siku hiyo alikuwa na haraka zake, alijibu hivyo hivyo, hakiki namba, akakata. Injinia naye alijibu kwamba huku kwetu zinaonekana zimetumwa. Basi mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akafundishwa na vijana wawili na meneja mmoja asiyaamini macho yake. Aibu iliyoje!

"Nipe daftari," Fundi alisema.

Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, daftari kwenye mapaja, akalilinganisha na mfumo. Namba ya kwanza, sawa. Ya kumi, sawa. Alipofika ya themanini alikuwa ameacha kuhesabu na ameanza kusonya, kwa sababu saba ya Mama Mapokezi ilikuwa saba na moja yake ilikuwa moja, na mpaka ya mwisho hakuna tarakimu hata moja iliyokosewa. Akajiandikisha yeye mwenyewe kama mgonjwa, akaweka namba yake, akabonyeza. Vema ya kijani. Imetumwa. Akaiweka simu yake juu ya kaunta, wakaitazama wote wawili. Dakika tano, dakika kumi. Simu ilitulia tuli kama maji ya mtungi.

Hapa inafaa kueleza kidogo, maana si kila mtu kazi yake ni hii. Kliniki haitumi meseji yenyewe. Iko kampuni nyingine yenye mitambo ya kutuma, nayo imefungua mlango kwa ajili ya programu za watu wengine, mlango ambao mafundi huuita API. Na ili kila fundi asihangaike kujifunza upya namna ya kubisha hodi, kampuni hiyo hutoa maktaba ya programu, unaisimika kwenye mfumo wako, nayo inakuwa tarishi wako: inapokea ujumbe, inaupeleka mlangoni, inarudi na jibu. Ila tarishi huyo haendi popote mpaka umwandikie kwenye faili la mipangilio anwani ya mlango, ufunguo wake, na asubiri muda gani kabla ya kubisha tena.

Sasa, milango ni miwili. Kuna wa kweli, na kuna wa majaribio. Huo wa majaribio hupokea chochote, hujibu "Imepokelewa" kwa adabu zote, kisha huutupa ujumbe jalalani. Umewekwa ili mafundi wajaribu kazi yao bila kusumbua simu za watu. Na Injinia alikuwa na sababu ya kuupenda. Mwaka juzi, akiwa na mteja muuza magodoro, alijaribu mfumo kwenye mlango wa kweli, akaandika upuuzi wa kwanza uliomjia kichwani: "Tumekufumania." Ukaenda kwa wanunuzi mia tatu wa magodoro, saa moja jioni, watu wako mezani na wake zao. Wapo waume waliokiri mambo ambayo hakuna aliyewauliza. Tangu siku hiyo ofisi yao ikawa na sheria: kila kazi huanzia mlango wa majaribio, na kuhamia mlango wa kweli ni kazi ya watu wawili. Mmoja anaandika anwani, mwenzake anaisoma kwa sauti herufi kwa herufi, wote wawili wanatia saini fomu. Sheria nzuri kabisa, kwenye karatasi.

Fundi akafungua kompyuta yake pale pale kaunta, akaingia kwenye faili la mipangilio, akasoma anwani. Akaisoma tena. Akafunga kompyuta.

"Vipi, mwanangu?" Mama Mapokezi aliuliza.

"Mama, usisaini chochote mpaka nirudi. Hata kama saa nane imefika. Nakuomba."

Akavuka barabara bila kutazama magari. Ngazi za juu ya duka la mapazia alizipanda mbili mbili, na alipofungua mlango Injinia alikuwa ameegemea kiti, soksi juu ya meza.

"Kaka, tarishi wetu ana miezi minne anapeleka meseji jalalani!"

"Tarishi yupi?"

"Wa kliniki! Anwani ni ya majaribio! Haikubadilishwa!"

Injinia akashusha miguu. Akaivuta kompyuta, akatazama, na uso ukambadilika rangi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kufunga mlango. Nasema kitu cha kwanza! Hakuuliza wagonjwa ni wangapi, wala kama kuna aliyepofuka.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mstari mmoja. Badilisha sasa hivi, kimya kimya, meseji zianze kwenda. Nani atajua?"

"Na Mama Mapokezi? Leo saa nane anafukuzwa kwa kosa hili!"

"Yule amebakiza mwaka mmoja astaafu. Atapumzika mapema, tatizo liko wapi? Tukisema, hakuna mteja atakayetufungulia mlango mji huu. Badilisha tu. Si unataka wagonjwa wapone?"

Hapo ndipo Fundi alipouona ubaya wa jambo lenyewe. Akibadilisha leo, na mama akaondoka leo, kesho keshokutwa wagonjwa wataanza kufika. Na kila mtu atasema, mmeona? Tulisema ni yule mama. Kule kurekebisha kwenyewe kungekuwa ushahidi juu yake, na angekwenda kuishi nao nyumbani kwake, akiwaambia wajukuu kwamba alifukuzwa kwa macho mabovu.

"Mtu mzima hovyo!" alimtamkia bosi wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Kuandika ilikuwa kazi yako! Wewe ndiye mwandishi!"

Injinia hakukasirika. Akavuta droo, akatoa fomu, akaigeuza imwelekee.

"Mwandishi ni mimi, sikatai. Haya, na hapo kwenye msomaji, saini ya nani hiyo?"

Ilikuwa yake. Herufi ya kwanza imepinda, maana aliitia fomu ikiwa imebanwa ukutani. Akakumbuka yote. Siku ya uzinduzi, juisi kwenye vikombe vya karatasi, utepe mlangoni, Meneja anapiga makofi, haraka jamani, mgeni rasmi ana safari. Injinia alimsukumia fomu: tia saini kwanza, tutasoma baadaye. Naye akatia. Yeye akajua Injinia ameshaandika. Injinia akajua yeye akija kusoma atarekebisha. Wakaenda kupigwa picha.

Hasira yote aliyopanda nayo ngazi ikageuka, ikamkaba mwenyewe. Hakika alitamani kumzaba mtu kofi, na mtu huyo alikuwa yeye.

"Unaona?" alisema Injinia kwa upole. "Tumo kwenye mtumbwi mmoja."

"Basi tutazama pamoja," Fundi akasema. Akachukua fomu, akachukua kompyuta, akashuka.

Saa nane kamili chumba cha Meneja kilikuwa na watu wanne. Meneja nyuma ya meza, barua ile iliyokunjamana mbele yake, kalamu ameshaifungua. Mama Mapokezi kwenye kiti cha ukutani, amevaa gauni lake la sherehe, maana alitaka akiondoka aondoke kama mtu. Injinia mlangoni, anahema kwa kukimbia. Na Fundi, aliyeingia bila kubisha hodi.

"Wewe shughuli yako ni printa," Meneja alisema. "Ngoja kwanza tutie saini hapa, mengine baadaye."

"Kutia saini kwanza ndiko kulikotufikisha hapa, bosi."

Akaisogeza barua pembeni na kuweka kompyuta mbele ya Mama Mapokezi. Akaonyesha mstari mmoja kwa kidole.

"Mama, nisomee hapo. Herufi moja moja, kwa sauti."

"Unamtesa mtu bure," Meneja akaruka. "Haoni huyo! Si ndiyo sababu tuko hapa?"

Mama Mapokezi alivaa miwani mipya. Akatazama. Kisha akaivua, akaiweka mezani, akainama kidogo. Alisoma sauti ikitetemeka, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Alipopita mwanzo wa anwani akaanza kutaja herufi: "M. A. J. A. R. I." Akanyamaza. "B. I. O." Akainua uso, akawatazama mmoja mmoja. "Majaribio. Mbona imeandikwa majaribio?"

Injinia alikuwa anasoma dari.

Fundi akaeleza. Alieleza milango miwili, alieleza jalala, akasema kwamba tangu siku ya utepe hakuna meseji hata moja iliyotoka ndani ya jengo lile. Kisha akaweka fomu juu ya meza. "Saini hii ni ya Injinia, kwamba aliandika. Hakuandika. Na hii ni yangu, kwamba nilisoma. Sikusoma. Namba za mama ziko sahihi zote, nimelinganisha asubuhi na daftari lake."

Meneja akakohoa. Akafunga kalamu, akaifungua, akaifunga.

"Kumbe ni hitilafu ndogo ya kiufundi," alisema. "Basi vizuri, imegundulika. Mama, rudi tu kaunta, uendelee na kazi. Yaishe." Akainyakua barua ili aitie kwenye droo.

Ndogo! Yaishe! Mungu awape watu haya, wengine ilipokuwa ikigawiwa walikuwa likizo.

Mkono wa Mama Mapokezi ulikuwa umeshafika juu ya barua. Hakupaza sauti. Katika watu wote waliokasirika siku hiyo, yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kupiga kelele, na hakupiga.

"Umeandika hapa udhaifu wa macho yangu," alisema. "Na uzembe. Nimenunua miwani mitatu, Meneja. Nimeacha kumsomea mjukuu wangu kitabu, nikidhani namdanganya maneno. Andika nyingine."

"Nitaangalia namna ya..."

"Nitangoja hapa hapa."

Akangoja. Meneja aliandika kwa mkono wake, kwa sababu hakuna aliyejitolea kuwasha printa. Akaandika kwamba mhudumu hana kosa lolote na kwamba kliniki inamwomba radhi, akatia saini na mhuri. Mama Mapokezi aliisoma yote kuanzia tarehe, akamrudishia mara moja kwa sababu ya neno "huenda", akaisoma tena, akaikunja.

Fundi akabadilisha anwani, akabadilisha na ufunguo, na safari hii Mama Mapokezi alisoma kila herufi kabla ya kuhifadhiwa. Wakatuma ujumbe mmoja wa kupima. Simu ya Fundi ikalia mfukoni.

"Alhamdulillahi," Injinia akashusha pumzi. "Imekwisha hiyo. Sasa tunazirusha zote mia mbili na kumi na saba kwa mkupuo mmoja, kabla ya saa tisa kila mtu ameshapata yake."

"Atapata nini?" Mama Mapokezi alimuuliza. "Njoo tarehe ambayo imepita miezi mitatu?"

Mama akanyanyuka na daftari lake, akatoka, nao wakamfuata, hata Meneja. Kwenye kaunta akaifuta vumbi simu ya mezani, akafungua ukurasa wa kwanza wa miezi ile minne, akabonyeza namba. Akasikiliza mpaka ikaanza kuita upande wa pili. Kisha akamnyooshea Fundi mkono wa simu.

"Mimi nimeomba radhi miezi miwili kwa kosa lisilo langu," alisema. "Sasa zamu yako."

Fundi akaupokea. Upande wa pili mwanamke alisema haloo, na Fundi akajitambulisha, kliniki ya macho. Halafu akamsikia yule mwanamke anaita kwa nguvu, sauti inakwenda mbali na simu: "Baba! Baba, ni kliniki! Wamepiga!"

Vishindo vya fimbo, kiti kikaburutwa, na pumzi za mzee.

"Kliniki?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba mwanangu. Kumbe hamkunisahau! Nilimwambia huyu binti yangu, watu wale hawasahau mtu, foleni tu ndiyo ndefu. Tusiende kuwasumbua, wakituhitaji watatuita. Asanteni sana. Asanteni kwa kunikumbuka."

"Baba, usinishukuru," Fundi alisema. "Miadi yako imepita. Kosa ni letu sisi, si la foleni. Ni langu mimi."

"Haidhuru, mwanangu, mmepiga. Lile la kushoto limeshazima, hilo tuliache. Hili la kulia bado linaona dirisha." Akauliza, "Nije lini?"

Fundi akamgeukia Mama Mapokezi, machozi yanamtiririka mbele ya Meneja na mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye viti. Mama alikuwa ameshika kalamu.

"Mwambie kesho, saa mbili asubuhi," alisema. "Na umuulize dawa ya matone kama bado ipo."